Namba ya EORI kwa wanaosafirisha vipuri vya ndege: mwongozo kamili kwa kampuni za Afrika Mashariki

Kreti lilikuwa dogo, la mbao nyeupe, limefungwa mikanda miwili ya chuma. Ndani yake kulikuwa na kidhibiti mafuta cha injini ya PT6, kile kinachopima mafuta yanayoingia kwenye injini ya Cessna Caravan. Kilikuwa kinakwenda kukarabatiwa kwenye karakana moja Ujerumani, na ndege yake ilikuwa imelala hangarini ikikisubiri. Kreti lilifika Frankfurt usiku, likakaa pale siku sita. Hakuna aliyedai ushuru, wala hakuna aliyetilia shaka kifaa chenyewe. Kasoro ilikuwa mstari mmoja kwenye ankara: penye namba ya EORI ya mpokeaji paliandikwa namba inayoanza na GB, ya kampuni dada ya Uingereza, iliyonakiliwa kutoka ankara ya zamani. Ankara hiyo niliiandaa mimi.

Siku sita za ndege kukaa chini ni abiria waliorudishiwa nauli na rubani anayelipwa bila kuruka. Ndiyo maana nimeamua kuandika jambo hili kwa kirefu, hatua kwa hatua, kwa ajili ya ofisi ndogo za mashirika ya ndege, karakana na wauza vipuri wa Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe, Kigali na Bujumbura wanaotuma na kupokea mizigo Ulaya bila kuwa na idara nzima ya forodha.

EORI ni nini hasa

EORI, ambayo wengi hutamka "iori", ni namba ya usajili wa forodha inayotumika katika Umoja wa Ulaya tangu Julai 2009. Forodha huitumia kumtambua kila anayeingiza au kutoa bidhaa, anayeandika tamko la forodha, au anayebeba shehena. Msingi wake wa sasa ni Kanuni ya Forodha ya Umoja wa Ulaya, namba 952/2013, iliyoanza kutumika Mei 2016. Uingereza iliendelea na namba ya jina hilohilo baada ya kujitoa, lakini sasa ni mfumo wake peke yake.

Kwa mtu wa huku kwetu, mlinganisho ulio karibu zaidi ni TIN ya Tanzania, Uganda na Rwanda, au PIN ya Kenya, unapoiandika kwenye tamko la forodha. Tofauti ni kwamba TIN ni namba ya kodi inayotumiwa pia na forodha, ilhali EORI ilizaliwa kwa kazi ya forodha tu. Kuwa na namba ya VAT ya Ulaya hakumaanishi kwamba EORI unayo, ingawa nchi nyingi hujenga moja juu ya nyingine.

Inaanza na herufi mbili za nchi, kisha tarakimu au herufi zisizozidi 15. Ya Ufaransa ni FR ikifuatwa na namba ya usajili wa kampuni. Ya Italia ni IT ikifuatwa na namba ya kodi. Ya Uingereza ni GB na tarakimu 12, na kwa kampuni iliyosajiliwa VAT, mara nyingi huwa ni tarakimu tisa za VAT zikifuatwa na 000. Sifuri hizo tatu husahaulika mno, na bila hizo mfumo hauitambui namba.

Namba iliyotolewa na nchi moja ya Umoja wa Ulaya hufanya kazi katika nchi zote 27. Ukishasajiliwa Uholanzi, usiombe nyingine Ubelgiji. Na namba ni ya kampuni, si ya tawi: hangari tatu za kampuni moja hutumia namba moja, ila kampuni dada yenye cheti chake cha usajili lazima iwe na yake.

Hatua ya kwanza: jua kama unaihitaji

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi bure. Mashirika mengi ya Afrika Mashariki yanayotuma vifaa kukarabatiwa Ulaya hayahitaji EORI yao wenyewe. Karakana ya kule, kama ni kampuni inayojua kazi yake, huwa na kibali cha forodha cha kuingiza kifaa cha mteja, kukifanyia kazi na kukitoa tena bila kulipa ushuru. Yenyewe ndiyo mwagizaji, na EORI inayotakiwa kwenye karatasi ni ya kwao. Kazi yako ni kuipata kwa maandishi kabla ya kufunga kreti na kuiandika bila kukosea.

Utahitaji yako ukiwa katika mojawapo ya hali hizi. Umeuza kifaa kwa mteja wa Ulaya kwa masharti ya DDP, yaani wewe ndiye unayebeba ushuru na kodi hadi mlangoni kwake. Au unaweka akiba ya vipuri vyako kwenye ghala la kule na unataka viingie kwa jina lako. Au unaomba kibali chochote cha forodha kwa jina lako. Shirika la ndege linalorusha ndege zake hadi Ulaya nalo huhitaji EORI kama msafirishaji wa anga, hata kama halina kipuri hata kimoja cha kuuza.

Kama hali yako haimo humo, pengine huna haja ya kusoma hatua ya tatu na ya nne. Soma hatua ya pili, kisha ruka hadi ya tano na ankara.

Hatua ya pili: amueni nani ni mwagizaji na nani ni mtoaji

Hili huamuliwa wakati wa mkataba. Likiachwa mpaka mzigo ufike uwanjani, limeshachelewa. Namba hufuata mtu, na mtu huyo hupatikana kwenye masharti ya biashara mliyokubaliana.

Ukinunua kipuri Ulaya, epuka masharti ya EXW. Kwa EXW, muuzaji anakukabidhi mzigo mlangoni kwake na shughuli za forodha za kuutoa zinabaki kwako. Sheria ya Ulaya inataka mtoaji wa bidhaa awe ni mtu aliye na makazi ya kibiashara ndani ya Umoja, kwa hiyo kampuni ya Arusha haiwezi kuandikwa hapo hata ikiwa na EORI. Matokeo yake ni barua pepe za kurushiana mpira huku kipuri kikiwa ghalani. Omba FCA: muuzaji afanye forodha ya kutoa kwa EORI yake, wewe uchukue mzigo ukiwa safi.

Ukiuza au kutuma Ulaya, DDP ndiyo inayokutwisha EORI pamoja na VAT ya kule. DAP ni nyepesi zaidi: unafikisha mzigo, mpokeaji anaukomboa kwa namba yake. Mimi huwashauri wateja wangu wachague DAP kila inapowezekana, hata ikibidi kupunguza bei kidogo.

Hatua ya tatu: kuomba EORI ya Umoja wa Ulaya ukiwa nje yake

Kampuni isiyo na makazi Ulaya huomba katika nchi ambako itaandika tamko lake la kwanza la forodha, au itakakoomba kibali chake cha kwanza. Soma sentensi hiyo mara mbili. Karakana inaweza kuwa Uholanzi, lakini kama mzigo unashuka Frankfurt na kuondoshwa hapohapo, tamko la kwanza ni la Ujerumani. Basi kabla ya kujaza fomu yoyote, muulize wakala wa usafirishaji swali moja: forodha inafanyika wapi?

Ukishajua nchi, nenda kwenye tovuti ya forodha ya nchi hiyo. Ujerumani hutumia Zoll-Portal, na Ufaransa ina huduma yake ya mtandaoni chini ya tovuti ya douane. Maombi ni bure. Anayekutoza fedha anatoza kazi ya kujaza fomu, si namba.

Andaa cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA au ofisi kama hiyo ya nchi yako, uthibitisho wa namba ya kodi, kitambulisho au pasipoti ya mwenye mamlaka ya kusaini, na anwani kamili. Ukimtumia wakala kuomba, ongeza barua ya kumpa mamlaka. Nchi nyingine hutaka tafsiri ya nyaraka, kwa hiyo uliza mapema.

Kuhusu jina: liandike kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema "Limited", usiandike "Ltd" kwenye fomu, halafu "Aviation Services" tu kwenye ankara. Na anwani ya sanduku la posta peke yake huleta maswali; andika mtaa, kiwanja, jina la jengo. Nimeona ombi likirudishwa kwa sababu anwani ilikuwa sanduku la posta na jina la mji, basi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kupata EORI hakukufanyi uwe mkazi wa Ulaya kibiashara. Kwa kawaida mwandika tamko la kuingiza bidhaa lazima awe na makazi ndani ya Umoja. Uingizaji wa muda na usafirishaji wa kupitisha tu ni miongoni mwa hali chache zisizobanwa na sharti hilo. Kwa hiyo hata ukiwa na namba yako utahitaji mwakilishi anayeandika tamko kwa jina lake mwenyewe lakini kwa niaba yako. Yeye hubeba deni la ushuru pamoja nawe. Ndiyo sababu mawakala wengi hukataa kazi hiyo, au hudai dhamana. Tafuta anayekubali kabla ya kuahidi tarehe ya kufikisha mzigo.

Hatua ya nne: Uingereza, na Ireland ya Kaskazini

Tangu Januari 1, 2021 namba ya GB haina nguvu ndani ya Umoja wa Ulaya, na namba ya Ulaya haina nguvu Uingereza. Shirika linalonunua tairi London na kukarabati injini Ufaransa linaweza kujikuta linahitaji karatasi zenye namba mbili tofauti kwa wiki moja. Kosa langu la Frankfurt lilikuwa hili hasa.

Namba ya GB huombwa HMRC, mamlaka ya kodi na forodha ya Uingereza, kupitia tovuti ya serikali, bure pia. Kampuni iliyosajiliwa kule huulizwa namba ya kodi, tarehe ya kuanza biashara, aina ya shughuli, na namba ya VAT kama ipo. Jibu linaweza kutoka papo hapo, au likachukua hadi siku tano za kazi HMRC ikitaka kuhakiki zaidi. Usiombe siku mzigo unapopaa.

Kampuni ya nje isiyo na ofisi kule inaweza kupewa namba ya GB ikiwa ina sababu ya forodha, lakini nayo itahitaji mwakilishi wa kule. Bidhaa zinazohusu Ireland ya Kaskazini zina namba yake inayoanza na XI, ambayo hupatikana baada ya kuwa na ya GB. Mwenye namba ya nchi ya Umoja wa Ulaya haihitaji.

Matamko ya Uingereza sasa huandikwa kwenye mfumo wa CDS. Ukipata namba, jisajili humo pia, kwa sababu humo ndimo unampa wakala ruhusa ya kutumia akaunti yako na ndimo unapata vyeti vya VAT ya uagizaji. Namba bila CDS ni nusu ya kazi.

Marekani haina EORI. Mwagizaji hutambuliwa kwa namba ya kodi ya EIN, au kwa namba inayotolewa na forodha yenyewe kupitia Fomu 5106. Muuzaji wa Miami akikuomba "EORI yako", muulize anachotaka hasa. Mara nyingi ni TIN au PIN ya mpokeaji.

Hatua ya tano: hakiki namba, usiiamini karatasi

Tume ya Ulaya ina ukurasa wa kuhakiki EORI, na serikali ya Uingereza ina wake. Unaingiza namba, unaambiwa kama ni halali. Jina na anwani huonekana tu kama mwenyewe ameruhusu. Fanya hivi kwa kila mpokeaji, hata yule mliyefanya naye kazi miaka mitano: kampuni huungana, huuzwa, hubadili muundo, na namba ya zamani hufa nayo. Piga picha ya skrini yenye tarehe, uiweke kwenye faili la mzigo.

Namba yako nayo ilinde. Si siri kama namba ya benki, lakini mtu anaweza kuitumia kuingiza mzigo wake kwa jina lako, na deni likakufuata wewe. Wape wanaohitaji tu.

Ankara na maelezo ya kifaa

Tangu Machi 2023 shehena ya kawaida ya anga inayoingia Umoja wa Ulaya hutanguliwa na taarifa kwenye mfumo wa forodha wa ICS2, na sehemu ya taarifa hizo hutumwa hata kabla mzigo haujapakiwa. Taarifa kamili inataka EORI ya mpokeaji wa Ulaya, tarakimu sita za msimbo wa bidhaa, na maelezo yanayoeleweka. Kuandika "vipuri" peke yake, au "vipuri vya ndege" bila kusema ni kitu gani, ni kujitafutia swali. Andika kama fundi anavyokiita: "kidhibiti mafuta cha injini ya turbopropu, kilichotumika, kwa ukarabati", kisha namba ya kipuri na namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye kibati chake.

Msimbo nao una mtego. Watu huweka kila kitu kinachopanda kwenye ndege chini ya 8807, kichwa cha sehemu za ndege. Propela ni 8807.10 na gia ya kutua ni 8807.20, sawa. Lakini tairi mpya ya ndege ni 4011.30. Kiti ni 9401.10. Pampu ya mafuta ya injini ya pistoni ni 8413.30, betri iko 8507, ala za kuongozea ndege ni 9014.20, na sehemu za injini za turbojeti na turbopropu ni 8411.91. Msimbo ukikosewa, EORI sahihi haitakuokoa.

Kwa nini msimbo una uzito hivyo? Kwa sababu vipuri vya ndege za kiraia vina upendeleo wa ushuru. Mkataba wa Biashara ya Ndege za Kiraia, ulioanza kutumika mwaka 1980, uliondoa ushuru kwa orodha ndefu ya bidhaa baina ya nchi wanachama. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 2018/581, unasimamisha ushuru kwa vipuri vilivyomo kwenye orodha yake vikiwa na cheti cha kustahili kuruka, yaani Fomu 1 ya EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, au cheti kinacholingana nayo, kama 8130-3 ya FAA ya Marekani. Kifaa kibovu kinachokwenda kukarabatiwa hakina cheti hicho, kwa hiyo njia yake ni ile ya karakana niliyoieleza mwanzo. Usichanganye njia hizi mbili kwenye ankara moja. Thamani iandike ya kweli, hata kwa kifaa kibovu. Kuandika dola moja ni kualika ukaguzi.

Betri za lithiamu, jenereta za oksijeni na mitungi ya kuzimia moto ni bidhaa hatari. Hizo zina tamko lake, la aliyefunzwa.

Ukinunua kutoka Ulaya, usishangae kukuta kwenye mkataba kifungu kinachokukataza kupeleka vipuri hivyo Urusi. Tangu Machi 20, 2024 wauzaji wanalazimika kukiweka kwa bidhaa za anga wanazouza nchi nyingi, zetu zikiwemo. Kisome kabla ya kusaini, hasa kama nawe unauza kwa wengine.

Upande wa nyumbani

Mzigo unaotoka kwa ukarabati utolewe kama utokaji wa muda, kwa TIN au PIN yako, kupitia wakala wa forodha mwenye leseni. Ukitolewa kama mauzo ya nje ya kawaida, kurudi kwake kunaweza kuhesabiwa kama uagizaji mpya wa thamani yote, badala ya gharama ya ukarabati. Wakala aandike namba ya utambulisho ya kifaa kwenye tamko lenyewe, asiiachie ankara peke yake, na wewe kipige picha kibati kabla kreti halijapigiliwa misumari.

Na hapa kuna jambo la ndege ambalo forodha ya kawaida hailizoei. Karakana nyingi hufanya kazi kwa kubadilishana: unatuma kibovu, wanakutumia kizima kutoka akiba yao, cha aina ileile lakini namba nyingine. Kwa fundi ni kitu kilekile. Kwa forodha ni kitu kingine kabisa, maana kilichotoka ni namba moja na kilichorudi ni nyingine. Uliza karakana mapema kama ni ukarabati wa kifaa chako au ni kubadilishana. Kama ni kubadilishana, mweleze wakala wako siku ya kutoa mzigo na muwe na mkataba unaosema hivyo.

Mzigo ukikwama

Usianze kwa kulalamika kwa shirika lililoubeba. Mpigie wakala aliyepo uwanjani kule, muombe sababu kwa maandishi: je, ni namba, ni maelezo, au ni cheti? Kama ni namba, tuma ankara iliyosahihishwa yenye tarehe mpya na neno "imesahihishwa", pamoja na ile picha ya skrini ya uhakiki. Muombe mpokeaji naye amwandikie wakala kukiri kwamba yeye ndiye mwagizaji. Mwambie kila mmoja kwamba ndege iko chini, na uandike herufi AOG kwenye kichwa cha barua pepe, kwa sababu ofisi za mizigo ya ndege huziweka mbele barua za namna hiyo. Kreti langu la Frankfurt lilitoka saa nne baada ya ankara ya pili kufika. Siku sita zote zilikuwa za kutafuta nani aisahihishe.